Kutangulia si Kufika: Tambazo na Safari katika Mchezo wa Anga

Wahenga walipolonga kwamba kutangulia si kufika, yamkini walimfikiria msafiri wa miguu anayewapita wenzake asubuhi kisha akakutwa jioni amelala kando ya njia. Hawakuwaza kwamba ingefika siku ambapo mtu angeweza kuitembelea nyota bila kuinuka kitini. Hata hivyo, methali yao haijachakaa. Imepata makao mapya katika mchezo wa tarakilishi uitwao Elite Dangerous, ambao huchezwa pia na vijana wa Nairobi baada ya kazi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba namna chombo cha kutazamia kilivyoundwa ndiyo huamua msafiri ataona nini, atapuuza nini na, muhimu zaidi, atakumbuka nini. Suala hili linaonekana kuwa la mchezo tu, lakini linamgusa pia mwanafunzi wa fasihi aketipo mbele ya kiwambo akidhani anasoma.

Kabla ya kuzama katika mada, neno lenyewe linahitaji kusawazishwa. Mgonjwa atokaye hospitalini jijini husema amepigwa skani. Simu iliyowekwa katika lugha ya Kiswahili humwamuru mwenyewe achanganue msimbo. Wapo nao waliopendelea kitenzi tambaza. Maneno haya hayalingani. Kuchanganua, kama ajuavyo kila aliyewahi kuketi katika darasa la sintaksia, ni kukitenganisha kitu katika viungo vyake ili uhusiano wa viungo hivyo udhihirike. Kutambaza kuna taswira ya kitu kinachotambaa juu ya kingine, kikipita usoni bila kuzama. Mmoja ni mwendo wa kuingia ndani na mwingine ni mwendo wa kupita juu. Wachezaji wa Elite Dangerous wamebishana kwa miaka mingi, na ubishi wao, ukitazamwa kwa jicho la lugha, ni ubishi kati ya vitenzi hivi viwili.

Mchezaji anayezungumziwa hapa ni fundi wa simu mwenye meza katika jengo moja la Luthuli Avenue, si mbali na River Road, pale ambapo spika za maduka hushindana kwa kelele tangu asubuhi hadi magharibi. Nyenzo zake ni chache: kioo cha kukuzia, mita ya kupimia umeme, bisibisi nyembamba na chuma cha kulehemu. Mteja akimletea simu iliyokufa, hafungui kwanza. Huipima nje, husikiliza, hugusa kuona kama ina joto, ndipo aifungue. Amewahi kumwambia mteja aliyekuwa na haraka, "Mita inaniambia pa kutazama, mama. Hainiambii nitakachokikuta." Jioni hupanda matatu kuelekea Kangemi, na huko, katika chumba anachoishi pamoja na dada yake mdogo anayesomea Kiswahili chuoni, kuna tarakilishi aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Kwa tarakilishi hiyo husafiri.

Anakosafiri ni mbali. Asili ya mchezo huu ni Elite, uliotolewa nchini Uingereza mwaka 1984 na vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell. Tarakilishi ya BBC Micro waliyoitumia ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 pekee, ndogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuhifadhi orodha ya nyota, waliziacha nyota zizalishwe na kanuni ya kihesabu kila zilipohitajika. Kwa njia hiyo walipata galaksi 8, kila moja ikiwa na mifumo 256. Elite Dangerous, uliotoka Desemba 2014, uliikuza mbinu hiyo hadi ikatoa mfano wa galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Hakuna binadamu aliyeichora mifumo yote hiyo mmoja mmoja, na wachezaji wote kwa pamoja bado hawajafikia hata asilimia moja yake. Chombo kinachoruka miaka ya nuru 50 kwa mruko mmoja kinahitaji miruko zaidi ya 500 ili kufika katikati ya galaksi. Katika upana kama huo, macho matupu hayafai kitu. Anayesafiri bila tambazo ni sawa na kipofu aliyetiwa baharini.

Basi tambazo likawa ndilo mchezo wenyewe. Katika miaka ya mwanzo, rubani alipoingia katika mfumo mpya alibonyeza kitufe, chombo kikatoa mlio kama wa honi ya lori, na mawimbi yakaenea. Kulikuwa na vitambazo vya daraja tatu. Viwili vya chini vilikuwa na mipaka ya umbali, ilhali kile cha juu hakikuwa na mpaka: mlio mmoja tu, na ramani ya mfumo mzima ikafunguka na picha za sayari zote. Walakini, kuiona sayari katika ramani hakukutosha. Aliyetaka kuijua kwa undani alilazimika kusafiri hadi karibu nayo, aielekezee pua ya chombo na kungoja. Safari hiyo iliweza kuchukua dakika mbili au nusu saa, maana baadhi ya mifumo ina nyota pacha zilizo mbalimbali mno. Kituo kimoja katika mfumo wa Alpha Centauri kimekuwa mzaha maarufu wa wachezaji, kwa kuwa kukifikia kutoka nyota ya kuingilia kulichukua zaidi ya saa moja ya kukaa kimya ukitazama giza.

Wasiokuwa na uwezo wa kununua kitambazo cha juu walibuni maarifa yao. Waliendesha chombo kwa kasi huku wakikazia macho nyota za mbali. Nukta iliyosogea kidogo kuliko wenzake ilikuwa sayari, kwa sababu kilicho karibu huonekana kuhama upesi kuliko kilicho mbali. Abiria wa matatu katika Waiyaki Way anaijua kanuni hii bila kufundishwa: nguzo za kando ya barabara hukimbia, ilhali vilima vya mbali husimama. Kwa hiyo upungufu wa chombo ulizaa ustadi wa jicho. Ni jambo la kuzingatiwa, kwa maana halikuandikwa katika maelekezo yoyote ya mchezo. Lilizaliwa na uhaba.

Desemba 2018 mambo yaligeuka. Watengenezaji, kampuni ya Frontier Developments, waliondoa vitambazo vya kale na kuweka utaratibu mpya. Mlio ulibaki, lakini sasa ulimpa rubani idadi tu ya maumbo yaliyomo. Ili kuyatambua, humlazimu apunguze mwendo hadi karibu kusimama, afungue kiwambo maalumu na kutafuta ishara kama atafutaye idhaa katika redio ya zamani. Chini ya kiwambo mna mstari wa masafa. Sayari za mawe zina mahali pake, za barafu mahali pake, na zile za gesi mahali pake. Akiipata ishara, huisogeza karibu kwa lenzi, na sayari hujifichua kwa jina na tabia zake. Dakika chache, na mfumo wenye maumbo 30 umemalizika bila chombo kusogea. Anayetaka zaidi huiendea sayari na kurusha vichunguzi kuizunguka mpaka uso wake wote uchoreke, na hupewa nyongeza ya malipo akitumia vichunguzi vichache.

Wachezaji waligawanyika. Kundi moja lililalamika kwamba safari imeuawa. Zamani, walisema, msafiri aliiona sayari ikikua kutoka nukta hadi mwezi na kutoka mwezi hadi dunia, na njiani aliweza kukutana na jambo asilolitafuta. Sasa anazihesabu sayari kama karani. Kundi la pili lilijibu kwamba ule wa zamani ulikuwa mlio tu, si uvumbuzi. Mtu alipiga honi, akatazama picha, akakosa sayari ya kumvutia, akaruka kwenda mfumo mwingine kabla honi haijanyamaza. Utaratibu mpya angalau unamtaka atafute. Ukweli ni kwamba kila kundi lilikuwa na hoja, kwa kuwa kila chombo kilimnyang'anya msafiri kitu tofauti. Cha kwanza kilimnyang'anya kazi ya kutafuta na kumwachia kazi ya kwenda. Cha pili kilimrudishia kazi ya kutafuta na kumsamehe kazi ya kwenda.

Fundi wa Luthuli Avenue aliupokea utaratibu mpya kwa furaha. Mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku na kuamka alfajiri hana nusu saa ya kutazama giza. Chombo kilichomwezesha kumaliza mifumo kadhaa kwa saa moja kilikuwa neema, na haifai kumlaumu mtu mwenye saa moja kwa kuitumia vizuri. Majuma yakapita, na jina lake likaandikwa katika mamia ya sayari kama mgunduzi wa kwanza. Usiku mmoja dada yake alisimama nyuma ya kiti na kuisoma orodha.

"Kaka, hii yenye maji ikoje?"

"Ni ya samawati."

"Ina mawingu?"

Fundi akafikiri kidogo. "Sijui. Sikushuka."

"Lakini imeandikwa jina lako."

"Niliiona kwanza," akasema, kisha akanyamaza.

Ingekuwa rahisi kulitumia jibu hilo kulaani kuona kwa mbali. Rahisi, lakini si haki. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inao mfano unaokataza haraka hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ndogo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mianzi ya eksirei itokayo angani. Haikwenda kwenye nyota yoyote. Ilizunguka polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, na kila ilipozunguka ilipangusa ukanda wa mbingu kwa madirisha mawili yaliyotazama pande zilizokabiliana. Dirisha moja lilikuwa jembamba, upana wake nusu digrii, na la pili lilikuwa pana mara kumi. Jembamba lilionyesha barabara mahali chanzo kilipo. Pana lilikusanya zaidi na kuvinasa vyanzo hafifu. Hapana dirisha moja ambalo lingeifanya vyema kazi ya yote mawili.

Kufikia Machi 1973 kazi yake ilipokoma, Uhuru ilikuwa imekusanya data iliyozaa orodha ya vyanzo 339. Vipimo vyake viliwasaidia wanafalaki kukitambua chanzo kiitwacho Cygnus X-1, kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Huko hakuna wa kwenda. Kuona kwa mbali ndiko kuona kwa pekee kuliopo, na anayekudharau anaidharau elimu yote ya falaki. Hata mkulima wa pwani aliyesema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, alikuwa anatambaza mbingu kwa jicho tupu na kuipangia jembe lake. Kwa hivyo swali la haki haliwi kama kutambaza ni kubaya. Swali ni: baada ya kutambaza, ni nini kilichobaki kufanywa, na je, kinaweza kufanywa?

Jiji la Nairobi lina jibu lake. Kwa miongo mingi matatu zilibeba umati wa watu bila kuwapo kwa ramani kamili ya njia zao. Kuanzia mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT nchini Marekani walianza kazi iliyoitwa Digital Matatus. Picha za setilaiti za jiji zilikuwapo, lakini setilaiti huona paa la gari tu. Haioni kwamba gari hili ni namba 46 ya Kawangware, wala haijui kwamba kituo hiki hakina bango bali kinajulikana kwa mti au kioski. Ilibidi wanafunzi wapande matatu wakiwa na simu mikononi, wanakili kila kituo walipoteremka na kupanda. Njia zaidi ya 130 zilipatikana, na ramani ikatolewa mwaka 2014. Mwaka uliofuata data hiyo iliingia katika ramani za Google. Abiria anayeiuliza simu yake leo namna ya kufika Westlands anaegemea, bila kujua, makalio ya wanafunzi waliokalia viti vyenye misumari.

Watengenezaji wa mchezo nao walifikia hitimisho linalokaribiana na hilo. Mei 2021 walitoa nyongeza iitwayo Odyssey, ambayo kwa mara ya kwanza ilimruhusu rubani kutoka katika chombo na kutembea kwa miguu juu ya sayari zenye angahewa nyembamba. Aliye na kifaa cha kuchukulia sampuli huweza kuchunguza mimea ya huko, lakini sampuli moja haitoshi. Anahitaji tatu za aina ile ile, na lazima zitoke mahali palipoachana kwa umbali uliowekwa, ili zisiwe za mmea mmoja na watoto wake. Mpaka hapo hakuna mlio wala lenzi itakayomsaidia. Ni kutembea, kupanda mawe na kupotea. Pamoja na hayo mchezo ukaweka heshima ya tatu. Awali sayari iliandikwa jina la aliyeigundua kwanza na jina la aliyechora ramani yake kwanza. Sasa ikaandikwa pia jina la aliyeikanyaga kwanza, na watatu hao wanaweza kuwa watu tofauti. Bila kuijua methali ya Kiswahili, mchezo uliigawa katika safu: huyu ametangulia, huyu amefika.

Kuna kanuni nyingine ya mchezo huu inayostahili kutajwa, kwa sababu ndiyo iliyomfunza fundi. Maarifa ya rubani si mali yake mpaka ayarudishe kituoni na kuyauza. Chombo kikiangamia njiani, yote yasiyouzwa hupotea, na jina halibaki popote. Fundi alikuwa safarini majuma matano alipojaribu kutua kwenye sayari yenye mvutano mkali. Chombo kilivutwa kwa kasi kuliko alivyotarajia, kikapasuka. Mamia ya sayari yakafutika kwa sekunde moja. Kesho yake dada alimwuliza kama amehuzunika. Akajibu kwamba amejaribu kuzikumbuka alizopoteza, akapata tisa. Zote tisa alikuwa amezishukia. Moja ilikuwa na bonde ambamo jua mbili zilichwa kwa zamu, nyingine ilikuwa na mimea iliyosimama kama mitungi. Zile nyingine, alizoziona kwa lenzi tu, zilipoondoka kwenye orodha ziliondoka pia kichwani. "Dada, hizo hazikuwa zangu kupotea," akasema.

Kauli hiyo ya fundi inafaa kubisha hodi katika vyumba vya kusomea. Mwanafunzi wa leo anacho kitambazo ambacho hakuna kizazi kilichotangulia kilikuwa nacho. Anaweza kuandika neno moja na kuonyeshwa kila mahali lilipotokea katika matini nyingi, ndani ya kufumba na kufumbua. Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa katika chuo cha SOAS jijini London, ambayo zamani ilihitaji nauli ya ndege, sasa baadhi yake huonekana kwenye mtandao. J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Sasa mtafiti hupitisha macho katika orodha ya aina hiyo kwa dakika chache na kuyataja mada zake katika pendekezo la utafiti. Hayo yote ni neema, kama kilivyokuwa neema kiwambo kipya kwa mtu mwenye saa moja.

Hatari inazuka pale jina linapoandikwa juu ya sayari isiyokanyagwa. Tasnifu inayotaja tenzi ishirini zilizopatikana kwa neno la utafutaji, bila hata mmoja uliosomwa kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho kwa sauti, ina orodha lakini haina bonde wala jua. Picha ya mswada si usomaji wa mswada. Anayeiona hati ya Kiarabu katika kiwambo na hawezi kuisoma ameona paa la matatu. Wala dawa si kukivunja kitambazo. Uhuru haikuvunja dirisha lake pana kwa sababu dirisha jembamba lilikuwapo. Dawa ni kujua ni lipi lililo mbele ya jicho kwa wakati huo, na kutosema "nimechanganua" pale ambapo kazi iliyofanywa ni kutambaza.

Fundi amekwisha kuanza safari mpya. Bado hupiga mlio, bado hutafuta ishara katika mstari wa masafa, na saa yake bado ni moja. Mabadiliko ni madogo: katika kila mfumo huchagua sayari moja na kushuka, hata kama haina malipo makubwa. Mwendo wake umepungua mno, na wenzake walioondoka siku moja naye wamemwacha nyuma kwa maelfu ya miaka ya nuru. Wao wametangulia.